Manamba wa Kikorea wa Yucatán: tuwakumbuke kama nani?

Mwaka 1905 Wakorea 1,033 walipanda meli katika bandari ya Chemulpo, ambayo leo ni Incheon, wakielekea Mexico. Walikuwa wameahidiwa kazi nzuri yenye ujira mnono. Walichokikuta Yucatán, jimbo la Mexico, ni mashamba ya henequen, ndugu wa mkonge, na mkataba wa miaka minne wa kukata majani yenye miiba chini ya jua kali. Anayejua habari za manamba wa Tanga, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, ataielewa hali yao mara moja. Hata mkonge wetu asili yake ni huko: Mjerumani Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche Tanga mwaka 1893, na neno “sisal” ni jina la bandari ya Yucatán.

Leo Mérida, mji mkuu wa Yucatán, una makumbusho ya wahamiaji hao. Ni jambo jema, ila linaniachia swali: wanakumbukwa kama nani?

Simulizi inayopendwa ni ya uzalendo, na ina ukweli mwingi. Mkataba ulipokwisha mwaka 1909, Korea ilikuwa tayari mikononi mwa Japani. Mwaka uliofuata ikamezwa kabisa. Wangerudi wapi? Walianzisha chama chao Mérida, wakachangia ukombozi wa Korea kutoka kwenye ujira ule ule wa kukatia majani. Wenzao wasiofika 300 wakavuka kwenda Cuba mwaka 1921, na huko akina mama waliweka kando kijiko cha mchele kila walipopika, ili mchele huo uwe mchango. Kitukuu asiyejua neno la Kikorea akisikia hayo, anapata mababu wenye sura na heshima. Hilo si dogo hata kidogo.

Lakini wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake, na wengi walioa Wamaya, wenyeji wa Yucatán. Bibi Mmaya aliyewazaa na kuwalea watoto wale yuko wapi katika simulizi ya uzalendo? Wamaya walikuwa wamefungwa kwa madeni katika mashamba hayo hayo kabla Mkorea hajafika.

Kuna hoja kwamba makumbusho ya jamii moja hayawezi kubeba historia ya kila mtu. Naielewa, ila hapa haitoshi, maana bibi huyo si jirani, ni mama wa jamii yenyewe. Kijiko cha mchele kikiwekwa kabatini, na jiwe la bibi huyo la kusagia mahindi liwekwe kando yake, kabati hilo hilo.