Bastola ndogo na mkono unaoishika

Miongoni mwa wamiliki halali wa silaha hapa Dar es Salaam, mjadala kuhusu bastola ndogo za kufutika kiunoni umekuwa mrefu, na mara nyingi huendeshwa na pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja unasema kwamba bastola ndogo ni ya kubeba tu, haikutengenezwa ili ilenge, na anayeitegemea anajidanganya. Upande wa pili unasema kwamba silaha hupiga pale inapoelekezwa, na kwamba mwenye kulaumu udogo wake anaficha uvivu wake wa kufanya mazoezi. Nimemiliki bastola ya aina hii kwa leseni kwa miaka kadhaa, nimekosa nayo shabaha nyingi kabla ya kuanza kuzipata, na naona kwamba kila upande umeshika kipande cha ukweli, ingawa vipande hivyo havilingani uzito.

Tuanze na vipimo, maana neno "ndogo" kila mtu hulitumia apendavyo. Glock 17, inayotumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi, ina mtutu wa milimita 114 na magazini, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini, ya risasi 17. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, ina mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Ninazozizungumzia hapa ziko chini ya hapo: Glock 43 ya mwaka 2015, yenye mtutu wa milimita 87 na risasi 6, SIG Sauer P365 ya mwaka 2018, yenye mtutu wa milimita 79, uzito wa nusu kilo hivi na magazini ya risasi 10, na Ruger LCP ya mwaka 2008, ambayo bila risasi haifiki hata gramu 300. Sehemu ya historia yake ni ya kisheria. Mwaka 1994 Marekani ilipiga marufuku kwa raia magazini mpya zinazozidi risasi 10, na watengenezaji wakaona hakuna faida ya kuuza mpini mkubwa usiojazwa. Mwaka uliofuata ikatoka Glock 26, fupi na nene, yenye risasi 10 kamili. Marufuku ile iliisha mwaka 2004, lakini mazoea ya kubeba bastola fupi yalikuwa yameshaota mizizi, na sura ya bastola hizo ndiyo inayoonekana leo hata kwenye maduka ya silaha ya nchi nyingine.

Wanaozitetea wana hoja moja iliyo sahihi kabisa, nayo ni kwamba mashine yenyewe haina kosa. Ukiibana bastola ndogo iliyo nzima isitikisike, kwa umbali wa mita 7 au 10 risasi zake zitatua karibu karibu kama za ndugu yake mkubwa, kwa sababu usahihi wa mtutu hautegemei sana urefu wake, bali jinsi ulivyochongwa na jinsi unavyorudi mahali pake baada ya kila risasi. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi kwa kiasi fulani, kwa kuwa gesi ya baruti inapata nafasi fupi ya kuisukuma, lakini hauipotoshi njia yake.

Hata hivyo bastola inashikwa na mkono wa mtu, na hapo ndipo upande wa kwanza unapopata nguvu. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye Glock 17 ni milimita 165 hivi, na kwenye Glock 43 ni 132. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu kutoka mstari wake, kwa mita 7 risasi ya bastola kubwa itahama milimita 42, na ya ndogo itahama 53. Tofauti ya sentimita moja si kubwa, na naona watu wanaipa uzito kuliko inavyostahili. Kifyatulio ndicho kinachosumbua zaidi. Bastola nyingi za kisasa zinahitaji kidole kivute kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi, kwenye bastola ya gramu 700 hiyo ni mara tatu na nusu ya uzito wake, na kwenye ile ya nusu kilo ni mara tano. Rivolva ndogo za risasi 5 za Smith & Wesson, ambazo ukoo wake ulianza mwaka 1950, hufikia kilo 5 na zaidi katika silaha ya gramu 400 na ushei. Kitu chepesi kinachovutwa kwa nguvu nyingi namna hiyo lazima kiyumbe, isipokuwa mkono uliokishika una nguvu kuliko kidole kinachovuta.

Kisha kuna msukumo wa kurudi nyuma. Risasi ya kawaida ya 9×19, yaani kipenyo cha milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19, ina kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa kasi ya mita 330 hadi 350 kwa sekunde, na nguvu ileile inayokipeleka mbele inairudisha bastola nyuma. Uzito wa bastola ukipungua kwa nusu, nishati inayoingia kiganjani inakuwa mara mbili. Hapo kuna madhara mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. La kwanza ni kwamba bastola inaruka juu na kuchelewesha risasi ya pili. Hilo ni la kimaumbile na linavumilika. La pili ni la moyoni: baada ya mapigo machache mwili unaanza kuliogopa pigo kabla halijaja, kiganja kinabana ghafla, mdomo wa mtutu unainama, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia risasi zinarundikana chini kushoto. Mtu huyo akiitazama karatasi yake husema vilengeo vimekaa vibaya. Mimi nilisema hivyo kwa miezi miwili, mpaka mkufunzi wangu alipochanganya risasi bandia ndani ya magazini yangu bila kuniambia zimekaa wapi. Kifyatulio kilipogonga ile bandia hapakutoka mlio, lakini bastola iliinama mbele ya macho yangu kana kwamba imesukumwa. Hakuna somo lililonifaa zaidi ya lile, na kila anayelenga vibaya kwa bastola ndogo angeanza hapo kabla ya kugusa vilengeo.

Kuchagua risasi ndogo zaidi ili kukwepa pigo si dawa ya moja kwa moja. Risasi ya 9×17 aliyoibuni John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, mwaka 1908 ina nguvu pungufu, lakini katika bastola kama Walther PPK ya mwaka 1931 slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, haifungwi na chochote isipokuwa uzito wake na springi. Pigo lake ni kavu kuliko udogo wa risasi unavyoahidi, na kwa mwenye kiganja kinene slaidi hiyo humkwaruza ngozi iliyo kati ya dole gumba na cha shahada. Ukubwa wa risasi peke yake haukuambii lolote kabla hujajua bastola inafanya kazi kwa mtambo gani na ina uzito gani.

Mgogoro wa kweli uko kwenye mpini, na nadhani pande zote mbili hazijautazama vya kutosha. Kinachoitokezesha bastola chini ya shati ni mpini, kwa sababu mtutu unaelekea chini kando ya paja na hauonekani, ilhali mpini umechomoza kuelekea nyuma au mbele na unasukuma kitambaa kila unapoinama. Na mpini huohuo ndio unaoupa mkono nguvu za kuituliza silaha: ukifupishwa, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani na mkono wa pili unakosa mahali pa kubana. Kinachosaidia kulenga ndicho kinachoifichua bastola. Kuongeza sentimita mbili za mtutu kunagharimu kidogo sana, lakini kuongeza sentimita mbili za mpini kunaweza kukulazimisha ubadilishe mavazi.

Kwa jiji letu hilo ni jambo la kila siku. Mwezi Februari, joto na unyevu vinapokutana, hakuna anayeweza kuvaa koti ili afiche silaha, na mfanyakazi wa ofisini aliyechomekea shati lake jepesi hana pa kuificha bastola yenye mpini mrefu. Mwenye kuvaa Kaunda suti au shati la kitenge lisilochomekwa ana nafasi zaidi. Wengine huiweka mfukoni, jambo ambalo silipendi ila kwa masharti mawili: iwe ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote, na mfuko huo usiwe na funguo, sarafu wala simu. Jasho la chumvi na hewa ya bahari vinaila bastola inayokaa mwilini kutwa. Anayeibeba Dar es Salaam aifute na kuipaka mafuta kila wiki, maana kutu kwenye springi na slaidi huleta hitilafu ambayo mazoezi hayaitibu.

Nikitoka kwenye mavazi nikaenda kwenye mkono, naegemea upande wa wanaosema kwamba udogo unashindika, ila kwa namna maalumu ya kushika. Kiganja kikae juu kadiri inavyowezekana nyuma ya mpini, bila kuacha mwanya chini ya slaidi, kwa sababu mkono ukikaa chini bastola inapata nafasi ya kuinuka. Mkono wa pili ndio ubane zaidi, huku ule wa kufyatua ukibaki na utulivu wa kutosha kidole kitembee peke yake. Kidole cha mwisho kikikosa mahali, kikunjwe kwa nguvu chini ya magazini. Au tumia magazini yenye kitako kirefu zaidi, na ukubali kwamba shati litaonyesha kidogo. Madole gumba yaelekee mbele bila kuegemea kitufe cha kuzuia slaidi, maana kwenye bastola fupi hufika pale kwa urahisi, na risasi zikiisha slaidi haitabaki wazi kukuarifu. Mwenye vidole virefu atakuta kidole chake kimezama hadi kwenye kiungo. Asilazimishe ncha ya kidole kama vitabu vya zamani vinavyoamuru, bali atafute mahali ambapo kifyatulio kinarudi nyuma moja kwa moja bila kuisukuma bastola kando.

Kifundo cha mkono kilicholegea kina hasara nyingine zaidi ya kukosa shabaha. Slaidi fupi inakwenda na kurudi katika nafasi ndogo na kwa haraka, na mkono ukirudi nyuma pamoja nayo haitapata nguvu ya kukamilisha safari yake, hivyo ganda la risasi linabanwa mlangoni na bastola inakwama. Hata bastola kubwa hukwama hivyo, lakini ile ndogo haisamehi.

Gharama ya ustadi huo ni mazoezi, na hapa wanaozitetea bastola ndogo huongea kana kwamba risasi zinaokotwa ufukweni Coco Beach. Kwetu silaha inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, maombi huanzia ngazi ya mtaa na kupanda, na risasi hununuliwa kwa leseni. Ndiyo maana mazoezi makavu ya nyumbani yanabeba sehemu kubwa: risasi zote zitolewe na ziachwe chumba kingine, chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, watoto wasiwepo, bastola ielekezwe kwenye ukuta wa tofali na kamwe si kwenye jipsam, kisha kifyatulio kivutwe polepole huku kilengeo cha mbele kikibaki kimetulia. Dakika kumi kila siku hujenga kidole. Hazijengi uvumilivu wa pigo, na kwa hilo hakuna njia isipokuwa uwanja wa kulenga shabaha.

Wapo wanaosema kwamba ustadi wote huu ni wa ziada, kwa sababu hatari ya kweli hutokea umbali wa meza ya duka, mita 2 au 3, ambapo hata asiyejua hakosi. Siikubali hoja hiyo hata kidogo. Mtu aliyeshikwa na hofu hukosa kwa mita 3, na katika Mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni risasi iliyokosa haina pa kwenda isipokuwa kwa mama anayepanga nyanya au kijana anayesukuma mkokoteni. Sheria yetu inaruhusu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari, na risasi ikishatoka mwenye leseni ndiye wa kwanza kuulizwa ilikoishia. Hoja yao ya pili naiheshimu zaidi: bastola kubwa inayolenga vizuri, lakini inayobaki nyumbani kwa sababu ya joto, haimlindi mtu akiwa njiani kupeleka mauzo benki. Kwa sababu hiyo sisemi bastola ndogo ziachwe. Ninachosema ni kwamba mnunuzi achague iliyo kubwa zaidi kati ya ndogo, inayotosha vidole vitatu chini ya kifyatulio na yenye nusu kilo au zaidi, na kwamba zile za chini ya gramu 300 waachiwe wenye mazoezi mengi, si wanaoanza, ingawa ndizo wanaoanza huzikimbilia kwa kuwa zinaonekana hazitishi.

Kipimo changu mwenyewe ni kisahani cha chai, sentimita 15, kwa mita 7, risasi 5 za kwanza za siku, kabla mkono haujapata joto la mazoezi. Zote 5 zikiingia, naibeba. Mwezi uliopita ziliingia 4, na ile ya tano ikatua chini kushoto, mahali nilipopajua. Bastola ilibaki kwenye kabati la chuma kwa siku tisa, na mauzo alipeleka mdogo wangu pamoja na mlinzi wa kampuni.