Ameshapita, au yuko njiani?

Jumapili iliyopita tulibishana robo saa nzima juu ya uwazi wa sentimita nne kati ya viberiti viwili. Viberiti ni nyumba. Askari ni vizibo vya soda vyenye vijisanamu vya udongo juu yake, na uwanja wa vita ni meza ya sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Rafiki yangu alimtoa askari wake nyuma ya kiberiti cha kwanza akamtua nyuma ya cha pili. Mimi nilikuwa na mtu mwenye bunduki anayechungulia uwazi uleule, nikasema nampiga.

"Unampiga wapi, kaka? Ameshapita."

"Amepita mbele ya macho yangu."

"Ungesema alipokuwa anapita."

Kumbe kila mmoja alikuwa na kitabu chake kichwani. Yeye alijifunzia Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani kwa vijisanamu. Katika toleo la 10, la mwaka 2023, asiye na zamu anaweza kulipa pointi moja ya amri akafyatua adui anapoanza mwendo, anapoumaliza, au anapotangaza kuvamia. Katikati ya mwendo hapatajwi. Tena ni mara moja tu kwa zamu, ndani ya inchi 24, na dadu lisipoleta sita umekosa. Askari wake alianza akiwa amejificha na akamaliza akiwa amejificha. Kwa kitabu hicho, alikuwa na haki.

Mimi nimetokea kwenye Infinity, mchezo mwingine wa aina hiyo, wa kampuni ya Corvus Belli ya Hispania. Huko mwenye zamu anatangaza nusu ya kwanza ya amri: natembea kutoka hapa mpaka pale. Kila askari wa upande wa pili anayeona kipande chochote cha njia hiyo anatangaza jibu lake. Mwenye zamu anatangaza nusu iliyobaki, halafu ndipo madadu yanarushwa, yote kwa pamoja (sisi dadu la pande 20 tunalitoa kwenye simu). Anayejibu kwa risasi anachagua mwenyewe ampige adui sehemu gani ya njia. Kizibo kinaweza kuwa kimeshatua ng'ambo, lakini kikanuni mtu bado yuko njiani.

Nasimama na Infinity, na si kwa sababu Jumapili ile ingeninufaisha. Nikimweka mlinzi dirishani, nataka barabara iogopwe. Kama mtu anaweza kuikata mchana kweupe kwa vile tu mwanzo na mwisho wake viko gizani, mlinzi wangu ni pambo.

Ila uhuru huo una masharti, na hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Jibu lisemwe kabla ya dadu. Kuna watu ushujaa wao huja baada ya kuona namba: "Nilikuwa nimeshasema nakwepa." Ulimwambia nani? Kwenye drafti ukigusa umecheza, na hapa ukinyamaza umejibu. Askari aliyepata nafasi ya kujibu nusu ya kwanza akakaa kimya, hapati nyingine katika amri ileile. Ambaye hakuwa akimwona adui hata kidogo, na nusu ya pili ndiyo iliyomfunulia, huyo ndiye anayejibu sasa.

Kinachowaudhi wageni zaidi ni hili la kurusha madadu pamoja. Askari wawili wakilengana wao kwa wao, risasi ya aliyeshinda dadu inafuta ya mwenzake. Lakini askari wa rafiki yangu akimlenga mtu wangu mmoja, na mtu wangu mwingine akamuua askari huyo, risasi zake bado zinahesabiwa. "Maiti haipigi risasi," hulalamika. Hapigi akiwa maiti, bwana, walifyatua pamoja.

Ubishi ulihamia mpaka ziwani. Tulijaribu mapigano ya tarehe 26 Desemba 1915, boti za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou dhidi ya Kingani ya Wajerumani, ambayo mzinga wake ulielekea mbele tu. Rafiki akitokea nyuma, nikadai jibu langu ni kugeuza meli na kufyatua. Alikataa, na safari hii nakiri alikuwa sahihi: kugeuka ni jibu kamili. Ukigeuka umegeuka, risasi ngoja amri nyingine.

Tumekubaliana mwenye zamu aoneshe njia kwa kidole, asimame, aulize: "Kuna jibu?" Mwenzake akisema hakuna, mlango umefungwa. Mchezo umepungua kasi kidogo, sikatai, lakini robo saa ya viberiti haijarudi.

Siku hizi ananiuliza "kuna jibu?" hata anaposogeza kizibo cha pembeni kabisa, nyuma ya viberiti vitatu, asikoonekana na mtu. Najua ananikejeli. Namjibu kwa heshima zote: hakuna.