WhatsApp haipigi hodi

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimebakiza kete nne, mpinzani wangu tano, na njia nilikuwa naiona. Anayecheza drafti ataelewa. Kuna muda ubao wote unafunguka kichwani: unajua ukitoa hii iliwe, ile ya nyuma yake inakula tatu kwa mpigo na kuingia kingi. Kizibo changu cha soda kiko mkononi, mkono uko hewani, simu ikatetemeka mfukoni. Nikapuuza. Ikatetemeka tena. Ya tatu nikaitoa. Bosi, kwenye grupu la kazini: "Jamani, nani ana hesabu ya bati geji 30 za jana?"

Ilikuwa saa mbili na robo usiku. Hesabu ninayo mimi, maana stoo ni yangu. Nikajibu mstari mmoja, sekunde ishirini hazikufika. Nilipoinua macho njia ilishapotea, sikumbuki nilitaka kutoa kete ipi. Nikatoa yoyote, nikaliwa mbili. Mzee ninayecheza naye, fundi cherehani wa siku nyingi, akapanga kete zake taratibu, akaniuliza, "Wewe kule umeajiriwa au umeolewa?" Kijiwe kizima kikacheka, muuza kahawa naye akagonga vikombe vyake kushangilia.

Nimelifikiria swali lake wiki nzima.

Kwenye karatasi mimi ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na ukizidisha unalipwa moja na nusu. Inasema pia kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho upate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Mfululizo. Ila walioandika neno hilo walikuwa na picha ya mtu anayetoka getini, anapanda daladala, na kazi inabaki kule nyuma. WhatsApp ilikuja miaka mitano baadaye, 2009, na geti likahamia mfukoni. Sasa ule mstari wangu mmoja wa saa mbili usiku ni kazi au si kazi? Nani ataenda kudai malipo ya ziada ya sekunde ishirini? Hapo ndipo tunapoliwa. Kilichochukuliwa ni mchezo mzima, ila kinachohesabika ni zile sekunde.

Wenzetu wameshahangaika na jambo hili. Ufaransa tangu 2017 kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Kenya, mwaka 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada unaofanana na huo, waajiri wakaja juu. Mimi sina imani sana na dawa ya namna hiyo kwetu. Mtu anayeogopa kuomba likizo yake halali atakwenda kumshitaki bosi kwa sababu ya ujumbe?

Ninachodhani tumepoteza ni kitu cha zamani kuliko sheria zote hizo: hodi.

Nakumbuka enzi za vocha za kukwangua. Bosi akitaka kujua jambo usiku ilibidi apige, na dakika zilikuwa pesa. Akipiga anaanza na salamu, anauliza kama umefika salama, watoto wazima, halafu "samahani kukusumbua saa hizi." Usipopokea mara mbili, anaacha mpaka asubuhi. Ndivyo tulivyolelewa: unabisha hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, wala hununi. Kupiga simu kuna aibu yake. Unamsikia mwenzako yuko mezani, unasikia mtoto analia, unasikia sauti ya usingizi, unafupisha maneno.

Ujumbe wa grupu hauna aibu. Hausalimii, hausikii mtoto. Unaingia mpaka chumbani, na mbaya zaidi unakaa kuhesabu nani kauona. Zile tiki za bluu zilizokuja mwaka 2014, wengi wetu tumezizima kwenye mazungumzo ya mtu na mtu, tukajiona wajanja. Kwenye grupu hazizimiki. Aliyetuma anaubonyeza ujumbe wake, anaona orodha ya majina, nani kausoma na saa ngapi. Nina mfanyakazi mwenzangu anayesoma jumbe za bosi kwa juu, kwenye kioo kilichofungwa, akivuta taratibu kwa kidole bila kuufungua, kama mtu anayechungulia dirishani asionekane na mgeni. Mtu mzima, ana wajukuu.

Lakini tuseme ukweli, bosi peke yake hajatufikisha hapa. Bosi akiandika saa tatu usiku, ndani ya dakika moja kuna "Sawa mkuu," kuna "Nimepokea," kuna dole gumba sita, na yupo mmoja (kila ofisi anaye) anayeandika "Asante kwa kutukumbusha bosi wetu." Huyo wa kwanza kujibu ndiye anayetupangia bei wengine wote. Ukikaa kimya mpaka asubuhi, ukimya wako unaonekana kiburi, na asubuhi unaanza siku kwa kujieleza.

Na siwezi kusema grupu lifutwe. Mwaka juzi mwanangu alishikwa na homa kali usiku wa manane, nikaandika mle mle kwamba kesho sitafika. Kabla sijafika hospitali bosi alishajibu, "Kaa na mtoto, stoo tutajua sisi." Mpaka jua linatoka wenzangu walikuwa wamenichangia. Ule usiku sikulalamika kwamba watu wanasoma jumbe za kazi vitandani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Jambo likiwa la haraka, piga simu. Kabisa, piga, saa yoyote, nitapokea. Bati zimeibiwa, piga. Gari la mzigo limepinduka, piga. Kama jambo si la kukufanya upige, basi lina uwezo wa kusubiri saa mbili asubuhi. Hesabu ya bati za jana inasubiri, bati haziozi. Nimeshamwambia bosi hivyo, kwa utaratibu, ana kwa ana. Akacheka, akasema ana wazo. Bado nalisubiri hilo wazo.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, ila kuna jambo linanisuta.

Chini yangu stoo kuna dogo mmoja, mwaka wa kwanza kazini, hajui kusema hapana. Jumapili moja mwezi uliopita niliingia kuchukua kreti za misumari, nikakuta ufunguo wa stoo ya nyuma haupo mahali pake. Sikupiga. Nikamwandikia, bila salamu: "Dogo ufunguo wa nyuma uko wapi?" Akajibu palepale, kwamba uko kwenye droo ya pili, chini ya vitabu vya risiti. Nikaukuta, nikamtumia dole gumba, nikaendelea na misumari yangu.

Jioni nikawa napitia stetasi za watu. Kumbe siku hiyo dada yake alikuwa anaolewa. Kulikuwa na picha ya kukata keki, ukoo wote umejipanga, sare za kitenge, meno nje, macho kwenye kamera. Yeye yuko pembeni kabisa, kavaa suti iliyomzidi mabega, kainamisha kichwa. Kwenye kiganja chake kuna mwanga.

Sijamuuliza ilikuwa saa ngapi.