Matobolwa, karanga na dagaa: masurufu yangu ya milimani

Mara yangu ya kwanza kutembea kwa miguu kwenye milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu na begi mgongoni, nilibeba chakula nilichoamini ndicho cha wapanda milima: tambi za pakiti, mkate wa slesi, soseji za kopo na juisi za boksi. Siku ya pili mchana mvua ya rasharasha ilitukuta njiani. Mkate ulikuwa umeshabonyea kuwa donge. Tukajibanza chini ya mti, mmoja akikinga upepo kwa kanga, mwingine akihangaika na jiko dogo la gesi, ili tu tupate tambi. Kijana aliyekuwa akituongoza, Msambaa wa huko huko, alitoa mhindi wa kuchemsha kwenye mfuko wa koti, akaula amesimama, akamaliza, akatusubiri.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja. Chakula cha begini kiwe kimeshaivia nyumbani, kisibebe maji ndani yake, na kiliwe bila moto. Sisi tumekuwa nacho siku zote, kwenye magunia ya sokoni.

Naanza na matobolwa kwa sababu ndiyo ninayoyapenda kuliko vyote, na kwa sababu nje ya Kanda ya Ziwa watu wengi hawayajui. Wengine wanayachanganya na michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, kwa hiyo lazima uvipike tena, jambo linalohitaji kuni na muda. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakakatwa vipande, ndipo yakaanikwa. Yakishakauka ni chakula kilichoiva. Bibi yangu Shinyanga alikuwa akiyaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba baada ya mavuno, jua la kiangazi likiwa kali, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku. Karibu robo tatu ya uzito wa kiazi kibichi ni maji. Hayo yote jua linayachukua, linakuachia utamu na wanga. Kipande kimoja ni kigumu kama ngozi. Unakiweka mdomoni, unatembea nacho, kinalainika polepole, na utamu wake hauishi haraka kama wa peremende. Kwenye mpando mrefu kipande kama hicho kinanisogeza mbele kuliko biskuti yoyote.

Matobolwa peke yake yanachosha, ndiyo maana karanga lazima ziwepo. Karanga za kukaanga na chumvi, zenye maganda yake mekundu. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Gramu 100 zina kalori zipatazo 560, wakati mkate mweupe wa uzito huo haufiki nusu yake. Weka karanga tano na kipande cha tobolwa pamoja mdomoni, chumvi ikutane na utamu. Korosho nazo ni nzuri, ila bei yake inanifanya nizihesabu, na chakula cha safarini sipendi kukihesabu.

Kisha dagaa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimeona wengi wanaviharibu. Toa vichwa, osha mpaka mchanga uishe kabisa, anika vikauke, kisha kaanga kwa mafuta kidogo hadi vivunjike ukivishika. Chumvi, pilipili manga, ndimu mwishoni, urudishe motoni ndimu ikauke. Halafu subiri. Vitandaze kwenye ungo vipoe kabisa kabla ya kufunga. Ukifunga vikiwa na joto vinatoa jasho ndani ya mfuko, na kesho yake ni laini na vina harufu. Vikipoa vizuri vinamaliza safari nzima vikiwa vikavu. Mimi napendelea dagaa wa Kigoma, ingawa wa Mwanza wakisafishwa kwa subira hawana ubaya. Mwili uliotoka jasho kutwa unataka chumvi, na mtu anayetembea siku tatu anahitaji kitu chenye nguvu ya nyama kisichooza. Samaki wakubwa wakavu, ng'onda au papa, siwashauri: harufu yake inahamia kwenye blanketi.

Moto nauwasha mara moja tu kwa siku, asubuhi, kwa ajili ya uji wa ulezi. Nachanganya unga na karanga za kusaga na sukari nyumbani kabisa, kwa hiyo njiani ni maji na mwiko tu. Maharage na mchele nimeviacha. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto la chini: kwenye mita 2,000 ni kama nyuzi 93, na Horombo kule Kilimanjaro, mita 3,720, ni kama 88. Maharage yatakaa jikoni mpaka gesi iishe. Unga hauna tatizo hilo, na sishangai kuwa wagumu wa Kilimanjaro, wanaobeba mizigo ya wageni, nguvu zao zinatoka kwenye ugali.

Nikijumlisha vyote, pamoja na tende kiasi cha kiganja, mtu mmoja anabeba gramu 600 hivi kwa siku. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji ilimpa mpagazi kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, uzito usiopishana sana na huo, na mgao huo ukaitwa posho. Leo Uganda posho ni ugali wenyewe, na kwetu ni fedha za semina. Masurufu nayo yamehamia kwenye fomu za ofisini. Inaniuma kidogo kuona maneno ya chakula cha msafiri yamegeuka kuwa ya hela huku chakula chenyewe tukikiacha sokoni.

Matunda sibebi. Usambara kila baada ya saa chache unakuta kijiji, na msimu ukifika mapeasi na plamu zimejaa ndoo kando ya njia. Nunua pale, kula pale. Na ubuyu wa unga, vijiko viwili kwenye chupa ya maji, unatosha kuyapa maji uchachu mchana.

Safari ya mwisho nilitembea na kijana yule yule. Tulipofika Mtae nilimpa fungu la matobolwa. Akatafuna, akanyamaza, akatafuna tena.

"Dada, hiki nacho ni nini?"

"Viazi vitamu, kaka. Vimechemshwa, vikaanikwa."

"Siku ngapi?"

"Tatu, nne, jua likiwa kali."

Akatazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bondeni. "Huku kwetu vitaoza." Kisha akanyoosha mkono kwenye ukingo wa mlima, kule chini kabisa ambako tambarare ya Mkomazi ilikuwa inawaka jua. "Ila shangazi yangu anakaa kule."