Kila kiungo kikiuma, diklofenaki?

Ingia duka la dawa mtaani useme viungo vinakuuma. Hujamaliza kujieleza, umeshakatiwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, na kutiliwa kwenye kibahasha: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kiungo gani, hakuna anayeuliza. Kinauma saa ngapi, ndiyo kabisa. Kwangu mimi hilo la saa lilipaswa kuulizwa kwanza.

Mama mtu mzima aliyesagika magoti huumia akishatembea sana, akipanda ngazi au akiinuka mkekani. Asubuhi hukakamaa kidogo, nusu saa haiishi kashalegea. Mwenye baridi yabisi yeye huamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, kufunga kifungo cha blauzi ni shughuli, na saa nzima inapita bado havijakunjika. Huyo anashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, na anaweza kuwa binti wa miaka 30. Diklofenaki itampoza maumivu huku mifupa ya vidole ikiendelea kuliwa. Anachohitaji ni daktari mapema, na mara nyingi methotrekseti (dawa ya kutuliza hiyo kinga) pamoja na vitamini ya foliki asidi na vipimo vya damu. Methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki; kosa la kuimeza kila siku limeshaua watu.

Jongo halina subira. Huja usiku, mara nyingi kwenye dole gumba la mguu, shuka likigusa tu mtu anapiga yowe. Kesho yake lawama zote kwa nyama choma! Nyama, maini na bia vinachangia, sikatai, ila kwa wengi shida kubwa ni figo kutotoa ya kutosha asidi ya yuriki, taka ya mwilini inayoganda kwenye kiungo, na baadhi ya dawa za presha za kukojoza huzidisha. Ndiyo maana mtu anaacha nyama na bado anashikwa. (Maharage yanasingiziwa bure.) Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, humezwa kila siku hata kama huumwi, na miezi ya mwanzo jongo linaweza kuchachamaa. Hapo ndipo wengi huitupa, wakati ndiyo inaanza kazi.

Magoti yaliyosagika yanataka mazoezi ya misuli ya mapaja na kupunguza mwili: kilo 1 ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua. Diklofenaki ya kupaka mara nyingi inatosha. Ya kumeza, mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu aseme kabla hajatoa pesa, maana dukani hataulizwa.