Mpaina mnauonea bure, shida ni maji

Jamani leo naomba niutetee mpaina maana unaonewa sana. Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja Mkongo hapa Missoula, Montana (Wakongo walianza kupokelewa huku 2016, kwahiyo Kiswahili hukikosi) kahamia nyumba yenye jiko la kuni, lile la katalisti (kidude kinachochoma moshi, nitakieleza), akanipigia simu amechanganyikiwa, "Ndugu, mwenye nyumba anasema pine ni mubaya, itachoma nyumba." Nikacheka, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyohivyo nilipofika, na hata Mufindi, Tanzania, nilikokulia, mipaina ya shamba la miti la Sao Hill imetuzunguka kila upande, mama alikuwa hataki kuisikia jikoni, kuni kwake ni miwati, mpaina unamchafulia sufuria.

Sasa mi nauliza, huku magharibi mwa Marekani utachoma nini? Milima ya huku imejaa lodgepole pine, ponderosa, Douglas fir na larch, yote miti ya mbao laini. Mwaloni (oak), ambao watu wanausifia kwa kuni, uko zaidi kule mashariki, kumwambia mtu wa Montana achome mwaloni ni kama kumwambia mtu wa Mafinga apikie kuni za mikoko.

Hofu yenyewe ni ya utomvu. Watu wanaona ule utomvu unanata mkononi wanadhani ndo utakaoganda kwenye bomba la moshi. Hapana bwana. Kinachoganda ni moshi ambao haujaungua, ukipanda kwenye bomba lililopoa, chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, unashika ukutani unakuwa lami nyeusi, na lami hiyo siku ikishika moto ndo nyumba inakwenda. Na moshi wa namna hiyo unatoka kwenye kuni mbichi ya mti wowote ule, tena mwaloni ndo una mtego zaidi maana unaweza kuchukua miaka 2 kukauka na nani ana subira hiyo, wakati mpaina ukiupasua mwezi wa tano ukaupanga kwenye upepo na jua, kwa kiangazi cha huku, baridi ikiingia uko tayari.

Halafu kwenye jiko la katalisti ndo hofu hiyo inazidi kukosa maana. Katalisti ni kidude cha kauri chenye vitundu kama sega la nyuki, kimepakwa paladiamu au platinamu, kinakaa juu ya moto kwenye njia ya moshi. Moshi peke yake unataka nyuzi 550 na zaidi ndo uwake, ukipita kwenye lile sega unaanza kuwaka kwenye 260 hivi, yaani moshi ndo chakula chake, hadi saa zingine usiku unakuta jiko halina mwali hata mmoja, ndani giza, lakini juu huwezi kuweka mkono. Huo utomvu mnaouogopa ukigeuka moshi unaliwa humohumo. Na kichekesho ni hiki, EPA, wale wa mazingira wa serikali ya Marekani, vipimo vyao vya majiko kwa miaka mingi vilifanywa kwa mbao za Douglas fir. Mbao laini hizohizo!

Mi yangu yalinikuta msimu wa kwanza. Nilinunua kuni kwa jamaa fulani akaapa ni kavu, basi kila gogo likiwekwa linalia tsssss, kioo cheusi, bomba linavuja maji meusi yananuka, na kila aliyekuja nyumbani anasema si tulikwambia, pine hiyo. Nikanunua kile kipimo cha unyevu chenye pini mbili, nikapasua gogo katikati nikachoma pini upande wa ndani (usipime nje, nje kunadanganya), ikasoma 34, yaani asilimia ya maji. Inatakiwa chini ya 20! Msimu uliofuata, mti uleule, jiko lilelile, kuni asilimia 16, nikapanda kusafisha bomba nikatoka na masizi makavu hayajai hata kopo la maziwa.

Sisemi mpaina hauna visa. Ni mwepesi, kilo kwa kilo joto ni karibu sawa na mwaloni lakini jiko likijaa linabeba kilo chache, kwahiyo utaamka kuongeza. Ukiwa mkavu sana ukajaza vipande vyembamba juu ya makaa mekundu unatoa moshi mwingi kwa mpigo na katalisti inapata joto la kupitiliza, pasua vipande vinene. Na usifunge njia ya pembeni (ile inayopeleka moshi bombani bila kupita kwenye katalisti) kabla katalisti haijapata moto, hapo ndo wengi wanakosea. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, usiguse kabisa, zinaiua katalisti.

Ila nyuzi 25 chini ya sifuri mi nautaka mpaina, hauachi lundo la makaa yanayojaza jiko ukashindwa kuongeza kuni.

Basi nikaenda kwa yule rafiki na kipimo changu. Kuni zake zikasoma 29. Tukazirudisha kwenye upepo, nikamshushia larch yangu kutoka kwenye pikapu, akaigeuzageuza akauliza, "Na hii haiko pine?" Nikamwambia ni ndugu yake, ila mwenye nyumba akiuliza mwambie ni mwaloni.