Jiko la Kuni katika Nyumba yenye Gesi

Mtu wa Lamu aliye na jiko la gesi, kisha akamwita fundi amjengee jiko la kuni darini, juu kabisa ya nyumba, hakosi kuulizwa kama gesi imemshinda. Swali hilo halikosi msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na hakuna jiko la kuni, hata liwe na dohani, linaloweza kuwa safi kama gesi. Tena zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii, na kila moto mpya wa kuni ni sababu nyingine ya watu kuitupia jicho waikate. Kuhusu cheche na paa la makuti sioni haja ya mjadala: penye makuti, jiko hilo lisijengwe.

Hata hivyo, wanaouliza hivyo hudhani kwamba nyumba isiyo na jiko la kuni hupika kwa gesi peke yake. Sivyo ilivyo. Gesi ilipoanza kutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 Julai 2021, na mafuriko ya Mto Tana yalipoikata barabara ya Garsen kuja huku mwishoni mwa 2023, kila mwenye mtungi aliona jinsi moto wake unavyotegemea mambo yaliyo mbali naye. Kodi hiyo imekwisha kuondolewa. Barabara bado ni ile ile. Na hata siku za neema, maharage, pweza mgumu na wali wa kupaliwa havipikiwi gesi na mwenye kuhesabu shilingi zake. Pembeni huwapo jiko dogo la makaa, ambalo halihesabiwi na yeyote anapojisifu kuwa nyumba yake ni ya gesi.

Basi kuni zilinganishwe na makaa, na hapo hesabu hubadilika. Katika tanuri la kufukia udongo porini, kilo 1 ya makaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Tuchukue 7. Kuni hizo zikiwa kavu zina joto la takriban megajuli 110, na makaa yanayotoka humo yana 30 hivi. Karibu robo tatu ya joto imepotea kabla gunia halijafika sokoni. Jiko zuri la makaa na jiko zuri la kuni hayapishani sana, kila moja likifikisha sufuriani kama asilimia 30 ya joto linalopewa, kwa hiyo mti ule ule hupika zaidi ya mara tatu ukichomwa kama kuni. Anayeogopea miti angeanza kwa kuliuliza gunia la makaa limetoka wapi. Makaa husifiwa kwa kukosa moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeingiza jiko chumbani kwa sababu halifuki amekaribisha hatari kubwa kuliko ya macho kuwasha.

Nyumba za mawe za zamani zililiweka jiko juu kabisa, ili moshi na joto vipae bila kupita vyumbani, na sioni kwa nini fundi wa leo aliache wazo hilo. Kuni nazo zikauke miezi kadhaa, kwa kuwa mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto utashughulika kuyachemsha hayo kabla ya mchuzi. Hazina haja ya kuwa mikoko: matawi yaliyopogolewa ya miembe na mikorosho yapo mashambani, na vifuu na makumbi ya nazi hutupwa kila siku. Chai ya alfajiri ibaki kwa gesi, maana kukoka kuni kwa vikombe viwili ni kupoteza kuni na usingizi. Na mpangaji mwenye jiko la ndani lenye dirisha moja, asiye na dari wala ruhusa ya kutoboa dohani, kwake mimi ningesema hapana, hata kama mtungi umekwisha na barabara imekatika.